Daftari la Baba

Kila barafu ilipoyeyuka, shamba letu lilizaa mawe.
Hatukuyapanda. Ardhi iliyatapika tu,
mengine makubwa kama kichwa cha ndama, mengine kama viazi,
na baba, Asahel Thrall, aliyaokota kimya kimya
kama mtu anayelipwa deni kwa sarafu asizozitaka.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.
Cha tano kilikwenda na shoka mwaka ule wa vita,
si vitani, bali uani, akipasua kuni.
Wanakijiji waliamini vingine. Hakuwasahihisha.
Nadhani kidole kile kisichokuwepo ndicho kilichomwombea kura.

Walimchagua Septemba, kanisani, kwa kuinua mikono,
thelathini na mmoja kwa kumi na tisa.
Mama aliendelea kufuma soksi.
"Na ng'ombe?" aliuliza. "Bunge litawakamua?"

Akapanda farasi wetu wa kijivu, mwenye chongo,
maili arobaini za matope hadi mji mkuu,
mkobani jibini, mkate wa mahindi, shati la pili,
na hotuba iliyoandikwa nyuma ya bili ya misumari.
Hotuba ilihusu nguruwe:
kwamba asiye na pete puani asizurure mashambani mwa watu.
Siku kumi na mbili alingoja zamu yake.
Mawakili walisema, wakanywa maji, wakasema tena.
Yeye alitoa sentensi nne, akaketi.
Sheria ikapita.
Wa kwanza kutozwa faini tulikuwa sisi;
mkuki ule mtamu kwa nguruwe
ulitufikia mezani, mama akacheka hadi akashika ukuta.

Lakini upo ukurasa mwingine katika daftari lake,
daftari la maziwa, hali ya hewa na madeni:
*Mvua. Nimepiga kura ya ndiyo. Mawe.*

Ndiyo ile ilikuwa ya muswada wa watumwa.
Mtoto atakayezaliwa kuanzia Machi Mosi
atakuwa huru akitimiza miaka ishirini na mitano.
Waliotangulia wabaki walivyo.

Alirudi akidhani amebeba habari njema.
Dina, wa nyumba ya Shemasi Pruden,
alikuwa jikoni kwetu, ameleta chachu ya mkate,
mgongoni kambeba Titus, bado hajaota jino.
Baba akamtajia tarehe.
Dina akahesabu kwa vidole, vyake kumi, vyote vipo.
"Wiki tatu," alisema.
Akaweka chachu mezani, akafunga mlango taratibu,
kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Jumapili ile baba alimfuata shemasi nje ya kanisa.
Ampe farasi na ekari mbili za bondeni, apewe mtoto na mama yake
na karatasi ya kuwaachia.
Shemasi akamtazama farasi.
"Ana chongo," akasema.

Hakugombea tena. Watu waliendelea kumwita Mheshimiwa
na yeye aliendelea kugeuka alipoitwa, polepole,
kama anayetafuta ni nani aliyeitwa.
Akajenga ukuta kwa yale mawe, mrefu kuliko haja,
ukauacha mpaka wa shamba, ukaingia msituni.
Mimi nilimshikia kamba. Sikuuliza.

Titus alipotimiza miaka ishirini,
usiku mmoja wa Februari, akaondoka.
Nyayo zake zilipita kwetu, kando ya ukuta, kuelekea kaskazini,
zikisomeka juu ya theluji kama wino.
Kabla ya mapambazuko nilimsikia baba akivaa buti.
Yeye, mtunga sheria, mwenye miaka sitini na nane na kikohozi,
alifungua zizi akawatoa kondoo wote
katika mwezi usio na hata jani,
akawapitisha kando ya ukuta, hadi msituni, wakarudi,
wakaenda tena.

Wajumbe wa shemasi walimkuta amesimama katikati ya kundi.
"Unalisha nini, Mheshimiwa?"
"Kondoo," alijibu.

Daftari ninalo. Siku ile kaandika:
*Theluji. Nimetoa kondoo. Mawe hayaonekani.*